Paa angavu juu ya uwanja wa watoto: malalamiko mawili yaliyodhaniwa kuwa moja

Usuli

Kituo cha kulea watoto wadogo kina majengo mawili yanayotazamana. Kati yake pana uwanja wa saruji, urefu mita 8 na upana mita 4.5, na watoto hukaa hapo sehemu kubwa ya siku. Madirisha ya madarasa yote yanaelekea uwanjani na hayana mahali pengine pa kupata mwanga. Ndiyo sababu wenye kituo hawakutaka kuezeka uwanja kwa mabati ya chuma: mvua ingezuiwa, lakini madarasa yangekuwa giza na taa zingewaka kutwa nzima.

Nimeondoa majina, mahali na kila kitu kinachoweza kukitambulisha kituo. Vipimo nimeviacha, maana mtu anayejenga banda, veranda au kibanda cha kuegeshea gari atataka kuvilinganisha na vyake.

Niliitwa kukagua baada ya paa la kwanza kushindwa. Kamati ya wazazi ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Waliniambia plastiki ilikuwa feki, na walitaka niwatajie aina isiyo feki.

Paa la kwanza

Paa hilo lilikuwa la mabati angavu ya PVC, aina ya plastiki, yale yenye migongo na mabonde, kila moja likiwa na urefu wa mita 4.5 bila kiungo. Fundi alichagua bati refu lisilo na kiungo ili kusiwe na mahali pa kuvuja, na kwa bati la chuma angekuwa sahihi. Mabati yalikaa juu ya papi, yaani fito za kuyabeba, za chuma zilizopakwa rangi nyeusi. Kila skrubu ilipita kwenye tundu lenye unene wake mwenyewe, ikakazwa hadi washa ya raba ikabonyea. Mteremko ulikuwa sentimita 5 kwa kila mita, yaani kama nyuzi 3. Pande mbili ndefu paa liliishia kwenye kuta, na fundi akaziba nafasi iliyobaki ili mvua isipenye.

Wiki za mwanzo kila mtu alifurahi. Uwanja ulikuwa mkavu, madarasa yalikuwa na mwanga, na watoto waliiona mvua ikicheza juu ya vichwa vyao.

Msimu wa jua kali ulipofika, walimu walianza kuwaondoa watoto uwanjani kabla ya saa nne asubuhi kwa sababu ya joto. Wakati huohuo paa likaanza kutoa sauti za kukatika asubuhi na jioni. Mabati yakavimba kati ya papi na papi, kisha yakabonyea, na mvua ya kwanza ilipokuja maji yakasimama kwenye mabonyeo hayo. Nyufa zikaonekana kwenye matundu ya skrubu, zikitawanyika pande zote kutoka katikati. Fundi aliitwa mara kadhaa. Kila alipokuja alipaka silikoni, akakaza skrubu zaidi na kuongeza nyingine mpya pembeni. Nyufa ziliongezeka.

Nilichokikuta juu ya paa

Sikupanda juu ya mabati. Nilitumia ngazi na mbao zilizolazwa kuvuka papi, na hakuna anayepaswa kukanyaga bati la plastiki moja kwa moja, hata likiwa jipya. Mtu hupita ndani yake bila onyo.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mbali na papi plastiki ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa bado angavu, bado inapinda bila kuvunjika, wala haikuwa na ule umanjano wa plastiki iliyoliwa na miale ya urujuanimno (UV) ya jua. Plastiki isiyokingwa dhidi ya miale hiyo hugeuka manjano na kukauka bati zima. Hapa uharibifu ulikuwa sehemu mbili tu: kuzunguka skrubu, na kwenye mistari ya rangi ya kahawia iliyofuata papi moja baada ya nyingine kama iliyochorwa kwa rula.

Mistari hiyo ilisema mengi. PVC ya kuezekea huanza kupoteza ugumu wake joto linapopita nyuzi 60 hivi, na inapokaribia nyuzi 80 huwa laini. Chuma cheusi kilicho chini ya bati angavu hupokea jua lote linalopenya, na mchana huo kipimajoto kilionyesha papi zimevuka nyuzi 60. Bati lilikuwa linapikwa kutoka chini, na mahali lilipopikwa ndipo liliposhikiliwa.

Nyufa za skrubu zilikuwa na maelezo yake. Kila mita ya PVC hurefuka kwa karibu milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua, bati linaweza kupanda nyuzi 40. Zidisha kwa mita 4.5 na utapata kati ya milimita 12 na 13. Chuma kikipanda kiasi hichohicho hakirefuki hata milimita 3. Kila siku, basi, bati lilitaka kusogea karibu sentimita moja zaidi kuliko fremu iliyolibeba, na skrubu zilikataa. Halikuwa na njia nyingine ila kuvimba kwenda juu mchana, kurudi usiku, na kuchanika pale lilipobanwa. Kwa kukaza skrubu na kuongeza nyingine, fundi alikuwa analinyima hata nafasi ndogo iliyobaki.

Lakini hakuna lolote katika hayo lililoeleza kwa nini watoto walikimbia joto. Hata kama bati lisingepasuka, joto lingekuwa lilelile.

Niliwaeleza wanakamati jambo hili taratibu, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilisimama juu yake. Mkuu wa kituo aliuliza, "Kwa hiyo, fundi, tukinunua plastiki nzuri kuliko hii, joto halitapungua?" Nikamjibu, "Halitapungua, Mwalimu. Mkinunua iliyo angavu zaidi, litaongezeka."

Hesabu ya joto

Jua likiwa kichwani na anga ikiwa safi, kila mita ya mraba hupokea wati 1,000 hivi. Uwanja huu una mita za mraba 36. Bati angavu hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, kwa hiyo kwenye ule uwanja yalikuwa yanaingia karibu kilowati 30, sawa na kuwasha majiko thelathini ya umeme ya kilowati moja moja na kuyapanga sakafuni. Saruji hupokea joto hilo na kulirudisha kwa namna ambayo plastiki haiipitishi vizuri kama inavyopitisha mwanga. Hewa ya moto hupanda hadi chini ya paa, na hapa ilikuta pande zote mbili ndefu zimezibwa. Kwa bidii ya kuzuia mvua, fundi alikuwa amejenga kitalu nyumba.

Machaguo yaliyokuwa mezani

Kamati ilileta mapendekezo manne, na nililipima kila moja kwa mambo yaleyale: mwanga wa madarasa, joto la uwanja, na mwendo wa bati.

Akriliki, plastiki angavu kama kioo, ndiyo iliyopendwa kwanza. Hupitisha mwanga kwa asilimia 92 hivi, haigeuki manjano upesi, na uso wake haukwaruziki kirahisi kama wa polikaboneti, plastiki nyingine iliyopendekezwa. Niliipinga kwa sababu huvunjika ikipigwa na huwaka moto kwa urahisi. Juu ya watoto wanaorusha mipira sikuona sababu ya kubishana.

Faibaglasi ina sifa ambayo watu huisahau: hutawanya mwanga, kwa hiyo chini yake hakuna jua la kuchoma mahali pamoja. Hata hivyo uso wake ukiliwa na jua, nyuzinyuzi huchomoza, hushika vumbi, na bati huzidi kufifia. Kwa banda la mifugo ningeikubali. Kwa uwanja uliotegemewa kuangaza madarasa kwa miaka mingi, hapana.

Pendekezo la tatu lilikuwa mabati ya chuma yenye bati moja angavu kila baada ya matatu. Nataka kulitendea haki, kwa sababu kwa nyua nyingi ndilo jibu bora na watu hulipuuza kwa kuona haya kidogo, kana kwamba ni la ghalani. Joto hupungua sana na gharama ni ndogo. Hapa lilishindwa kwa jambo moja tu: madirisha ya madarasa yangepata mistari ya mwanga mkali na mistari ya giza, na walimu walihitaji mwanga uliosambaa.

Lililobaki ni polikaboneti. Sifa yake kubwa ni kutovunjika ikipigwa, na huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 100 bila kulainika. Lakini nayo hurefuka karibu sawa na PVC, milimita 0.065 kwa mita kwa kila nyuzi. Nilirudia hili mara nyingi, kwani watu husikia "imara" wakaelewa "haisogei". Polikaboneti ikifungwa kama paa la kwanza itajikunja na kupiga kelele vilevile.

Tulichagua bamba la polikaboneti la milimita 10 lenye kuta mbili na vijia vya hewa katikati, rangi ya maziwa. Rangi hiyo hupitisha karibu nusu ya mwanga na kuutawanya. Nusu ya jua la mchana ni mwanga mwingi kuliko jicho linavyohitaji kusomea, kwa hiyo madarasa hayakuwa hatarini. Mkuu wa kituo hakuridhika kabisa. Alitaka watoto waendelee kuiona mbingu. Tukakubaliana kwamba nafasi mbili za mwisho, ambazo mti hufunika mchana, ziwekwe bamba lisilo na rangi.

Ujenzi

Fremu ilibadilishwa zaidi ya paa. Mteremko ulipandishwa hadi nyuzi 10, yaani karibu sentimita 18 kwa mita, ili maji yaondoke na vumbi lioshwe na mvua. Ukingo wa juu haukugusa ukuta tena. Ulipita chini ya upenu wa jengo refu na kuacha mwanya wa sentimita 30 kwa urefu wote wa mita 8. Mvua ya kawaida huzuiwa na upenu, na hewa ya moto hutoka.

Makombamoyo yalipangwa kila mita moja, na upande wake wa juu ukapakwa rangi nyeupe. Mabamba yalikatwa upana wa sentimita 98, vijia vikielekezwa kwenye mteremko ili unyevu wa ndani ushuke. Hayakutobolewa hata tundu moja. Yaliwekwa kwenye reli za alumini zenye raba, na nafasi ikaachwa kila upande. Chini kila bamba lilizuiwa lisiteleze, na juu liliachiwa milimita 15 za kurefuka.

Kwa nini reli, ilhali fundi alikuwa tayari kutoboa matundu makubwa? Tulipiga hesabu pamoja. Bamba la mita 4.5 lililoshikwa katikati husogea karibu milimita 6 kila mwisho. Tundu la milimita 10 kwa skrubu ya milimita 6 lina milimita 2 tu kila upande. Matundu makubwa ni dawa ya bamba fupi. Kwa refu, ama ulikate vipande viwili vinavyopandana, ama uliache liteleze.

Mambo mawili yalizuiwa dakika za mwisho. Mikanda ya kuzibia iliyoletwa kwanza ilikuwa ya plastiki laini. Mafuta yaliyomo kwenye plastiki ya aina hiyo huila polikaboneti polepole na kuipasua penye mkazo, kwa hiyo ilirudishwa na kubadilishwa na raba ya EPDM. Silikoni yenye harufu ya siki nayo ilikataliwa, ikatumika isiyo na asidi. La pili lilihusu bamba ambalo kijana mmoja alikuwa amelivua nailoni zote mbili zinazolifunika kutoka kiwandani kabla halijapanda juu. Kinga dhidi ya urujuanimno huwa ni tabaka jembamba, mara nyingi upande mmoja tu, na alama ya upande wa jua iko kwenye nailoni. Baada ya kuivua hakuna anayeweza kuapa upande upi ni upi. Bamba hilo halikuwekwa juu. Lilitumika kuwa kizuizi cha manyunyu chini ya upenu, mahali pasipopigwa na jua.

Upepo ulitupa wasiwasi wa aina nyingine. Mita moja ya mraba ya bamba hili haifiki kilo 2, na uwanja kati ya majengo mawili ni njia ya upepo: unasukuma paa kutoka chini huku ukilivuta kutoka juu. Kifuniko cha reli kilifungwa kwa skrubu kila sentimita 30, na makombamoyo yakaungwa kwa bolti kwenye mihimili iliyotiwa nanga ukutani. Bamba linateleza kwa urefu wake, lakini halina njia ya kwenda juu.

Matokeo

Baada ya kupita misimu yote ya mwaka hapakuwa na ufa wala bamba lililovimba. Walimu wanatumia uwanja hadi alasiri siku nyingi, na siku za joto kali huwaingiza watoto ndani saa sita badala ya saa nne. Madarasa yanasomeka bila taa, isipokuwa siku za mawingu mazito. Dhoruba ya upepo hurusha manyunyu kupitia mwanya wa juu. Kituo kililijua hilo kabla ya kukubali, na sakafu ina mteremko wa kuyatoa.

Nafasi mbili zisizo na rangi zimepata sifa na lawama. Watoto hujilaza chini yake kutazama matawi. Lakini kila jani na kila kinyesi cha ndege huonekana, na mtu wa usafi alijaribu kupasafisha kwa dawa ya vioo yenye amonia. Alizuiwa kwa bahati, mwalimu alipouliza harufu inatoka wapi. Polikaboneti husafishwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa laini tu.

Mambo mawili hayakwenda vizuri. Mabamba matatu yameota ukungu wa kijani ndani ya vijia, upande wa mfereji wa maji. Na mvua kubwa ikinyesha, madarasa yenye madirisha wazi hayasikii sauti ya mwalimu.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii ni kutenganisha malalamiko. Nyufa zilitokana na ufungaji. Joto lilitokana na uangavu na kuzibwa kwa hewa. Kwa kuwa yote mawili yalijitokeza msimu mmoja juu ya paa moja, kamati iliyaona ni ugonjwa mmoja, na dawa waliyotaka kununua, yaani bamba imara na angavu zaidi, isingetibu lolote kati ya hayo. Ningependa kila anayelalamikia paa angavu aanze kwa kuandika ni saa ngapi tatizo hutokea na ni mahali gani hasa. Ufa kwenye skrubu na mstari juu ya papi ni habari kamili; "limeharibika" si habari.

Je, PVC ilikuwa chaguo baya tangu mwanzo? Sidhani. Mabati yaleyale yangekatwa vipande viwili vya kupandana, yakatobolewa matundu mapana na kuwekwa juu ya papi nyeupe, naamini yangedumu bila nyufa. Joto ndilo lingebaki. Mwenye kibanda kilicho wazi pande zote, chenye kivuli cha mti mchana, hana haja ya kuikimbia PVC kwa sababu ya kisa hiki.

Bamba lenye kuta mbili nalo lilikuja na kazi ambayo la ukuta mmoja halina: miisho ya vijia. Juu huzibwa kwa tepu isiyopitisha kitu, ili maji na vumbi visiingie. Chini huwekwa tepu yenye vitundu vidogo, ili unyevu unaojikusanya ndani utoke na wadudu wasipite, kisha hufunikwa kwa kifuniko chenye nafasi za kuchuruzia. Kwenye mabamba yale matatu tepu ya vitundu iliisha, na fundi akamalizia kwa tepu ya juu iliyobaki. Maji yakafungiwa humo, na kwenye maji na mwanga ukungu huota. Tepu inaweza kubadilishwa bila kushusha bamba, lakini kijani kilichokwisha kushika ndani ya kijia ni kigumu kukitoa. Kabla ya kazi kuanza, tepu zihesabiwe kwa mita, kila aina peke yake.

Kelele za mvua hazikuwamo kwenye orodha ya mambo tuliyoyapima, ingawa uwanja umepakana na madarasa. Plastiki nyembamba iliyotandazwa hupiga kelele ikinyeshewa, na kuta mbili hazikuibadilisha tabia hiyo kiasi cha kutosha. Kituo kimeanza kufunga madirisha ya upande mmoja mvua inapokuja na kupanga hadithi za sauti ya juu saa nyingine. Kwa sasa wanatafuta vioo vya kusukuma kwa madarasa mawili yaliyo chini zaidi ya paa.

Nyaraka za kiwanda zimewekwa ofisini pamoja na picha za kila bamba likiwa bado na nailoni yake ya alama, zilizopigwa kabla halijapanda. Dhamana ya rangi na uimara hutegemea upande uliotazamishwa jua, na picha hizo ndizo ushahidi pekee utakaobaki siku bamba mojawapo likianza kuwa manjano.